Mvinyo kwenye mchuzi wa migebuka

Dada, umeuliza kama mvinyo ukichemka kwenye mchuzi wa migebuka, hawa samaki wa Ziwa Tanganyika, kilevi huisha chote, maana mama mkwe wako naye atakula. Hapana, kilevi hakiishi chote kwa kuchemka. Vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha mchuzi uliotiwa mvinyo ukitokota dakika 15 bado unabaki na kama asilimia 40 ya kilevi chake, na hata baada ya saa nzima hubaki robo. Na migebuka nani anawachemsha saa nzima? Si watakuwa uji! Kama mama mkwe hatumii pombe, usitie. Kamulia ndimu, na giligilani ukishaepua. Mimi hapa Ujiji ndivyo nifanyavyo, uchachu unapatikana vilevile. Kweli, glasi moja kwenye sufuria kubwa haimleweshi mtu, ila wa kuamua ni mama mkwe, mwambie kabla hajala.