Miguu inakufa dakika ya 60: niongeze mbio?

SWALI: Nafundisha timu Lindi mjini. Tulianza msimu Agosti, vijana wakawa moto. Tangu Februari, ikifika dakika ya 60 miguu imekwisha, na wengine wamepungua kilo 2 hadi 3. Niongeze mbio za ufukweni alfajiri?

JIBU: Usiongeze, kocha. Mchezaji anayepungua uzito huku kasi nayo ikishuka kwa kawaida anakula kidogo kuliko anachotumia. Hali hiyo ikidumu, mwili huanza kula misuli yake, testosteroni (homoni inayosaidia kujenga misuli) hushuka, na usingizi wake haumpumzishi. Mbio za alfajiri zitamchimba zaidi.

Angalia wanga kwanza. Mechi moja hutumia sehemu kubwa ya wanga uliohifadhiwa kwenye misuli, na kuurudisha huchukua saa 48 hadi 72 hata kwa anayekula vizuri. Mkirudi na basi usiku kutoka ugenini kwa soda na chipsi, kisha Jumatatu ukawakimbiza, hakuna aliyejaa. Mchezaji wa kilo 68 anahitaji gramu 410 hadi 540 za wanga siku moja kabla ya mechi, na vivyo hivyo siku inayofuata mechi. Saa 4 za mwanzo baada ya filimbi ndizo zenye faida kubwa: apate gramu 70 hivi kila saa, yaani robo kilo ya wali uliokwisha kupikwa. Pakieni wali, samaki, ndizi mbivu na muhogo wa kuchemsha ndani ya basi. Korosho ni nzuri, ila nyingi ni mafuta. Hazijazi pengo hili.

Kama Ramadhani imeangukia kipindi hicho, sogeza mazoezi mazito baada ya futari, na daku isiwe chai na maandazi tu.

Pili, madini ya chuma. Wingi wa damu unaweza kusoma vizuri huku akiba imekwisha, kwa hiyo omba kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini. Chini ya mikrogramu 30 kwa lita ni akiba haba. Msipime mtu akiwa na homa au siku ya pili baada ya mechi, kwa sababu malaria na uvimbe huipandisha feritini na kuficha upungufu. Pimeni pia kichocho na safura, maana vyote humpotezea mtu damu. Vidonge vya chuma visigawiwe kikosi kizima bila majibu. Na chai ikae mbali na mlo, saa moja hivi.

Kila asubuhi wapime uzito baada ya kukojoa, na mapigo ya moyo kabla hawajainuka kitandani. Mapigo yakizidi kawaida yake kwa 7 au zaidi siku tatu mfululizo, mpunguzie kazi. Mara moja kwa wiki, waruke juu na kugusa ukuta kwa chaki, uone kama nguvu za miguu zinashuka.

Mbio ulizotaka kuongeza wape wa benchi. Hao ndio wanaokosa kasi kwa kutocheza.