Unapojifunza maneno ya lugha ngeni: kusoma orodha tena au kujiuliza?
Jiulize. Kusoma orodha ya maneno mara kumi hakufui dafu mbele ya kujijaribu, na ushahidi ulipatikana kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Watafiti Karpicke na Roediger (jarida la Science, 2008) waliwapa wanafunzi wa chuo Marekani maneno 40 ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza, “mashua” likiwemo. Wote waliyashika siku ileile. Wiki moja baadaye, walioendelea kuulizwa kila neno walikumbuka kama asilimia 80. Walioacha kuulizwa neno wakishalipatia mara moja, hata kama waliendelea kulisoma, waliambulia kama 36. Na kabla ya mtihani makundi yote yalikadiria kwamba yangekumbuka karibu nusu, yaani mtu mwenyewe hahisi tofauti!

Kinachokaza neno ni kule kulivuta kutoka kichwani. Funika upande wa maana kwenye daftari, hangaika kidogo, ndipo ufunue. Mimi Kifaransa kilinikalia hivyo, baada ya miezi ya kupaka rangi madaftari bure. Ila jaribio lile lilihusu jozi za maneno tu. Kuongea ni kazi nyingine.