JIBU: Dada yako asisaini chochote kesho, na hati isitoke ndani

Mleta uzi, umeuliza mambo manne. Umwambie nini dada yako aliyefiwa na mume hapo Makorora, Tanga, rambirambi kiasi gani inatosha, watoto wanaoamka usiku wakilia wasaidiweje, na mwisho kabisa, kama jambo dogo, ukagusia kwamba shemeji yake mkubwa amemwomba kesho baada ya khitma "asaini tu muhtasari wa kikao" na amkabidhi hati ya nyumba "amtunzie". Hayo matatu yatasubiri. Hili la nne halisubiri. Mpigie simu sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma: asitie sahihi, asitie dole gumba, na hati asimpe mtu yeyote.

Huo muhtasari wa kikao cha ukoo mara nyingi huwa na kurasa mbili. Wa kwanza una tarehe, ajenda na maazimio. Wa pili ni jedwali la mahudhurio: namba, jina, uhusiano na marehemu, sahihi. Mjane huletewa ule wa pili peke yake. Yuko ndani kajifunika kanga, macho yamevimba, chumba kimejaa kina mama, mtu anampa kalamu na kumwonyesha mstari: "Weka hapa, kuonyesha ulikuwepo." Anaweka. Ukurasa wa kwanza unachapwa baadaye, na humo mnaandikwa kwamba wanaukoo kwa kauli moja wamemteua fulani kuwa msimamizi wa mirathi na mjane ameridhia nyumba iuzwe. Zinabanwa pini moja. Karatasi hiyo ikifika mahakamani inasema mjane alikubali, wakati yeye hajui hata kama kuna shauri limefunguliwa. Kuja kulipinga baadaye kunawezekana, lakini ni nauli, ni miezi, na mara nyingi nyumba imeshaingia mtu mwingine.

Wanaoniudhi kuliko hata hao mashemeji ni wanaompa mjane ushauri kwa sauti ya upole. "Mwanangu, kaburi bado bichi, ukianza kuuliza mali watu watakuonaje?" Hapo juu kuna wadau watatu wameandika vilevile, kwamba amwachie shemeji kwa kuwa ndiye baba wa watoto sasa. Nawaomba mfute hayo maneno. Mtu akiuliza haki ya wanawe hajamkosea marehemu. Na hawa wanaochapa nyaraka kwenye vimeza nje ya mahakama, wanaopokea hela na kuandika "mjane ameridhia" bila kumwona huyo mjane, wanabeba dhima kubwa.

Elewa kazi ya huo muhtasari. Unaisaidia mahakama kujua ukoo unamwamini nani. Haumpi mtu mali, na haumfanyi mtu kuwa msimamizi. Anayeteua msimamizi ni mahakama. Kwa Mwislamu wa Tanga ambaye mirathi yake inakwenda kwa sheria ya Kiislamu, maombi hupelekwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi marehemu, kwa Fomu Na. 1, pamoja na cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo inatoa barua ya usimamizi. Kabla ya hapo hakuna mwenye mamlaka ya kuuza nyumba, kiwanja wala pikipiki ya marehemu, hata awe kaka mkubwa kiasi gani. Anayenunua kwa mtu kama huyo ananunua ugomvi.

Na msimamizi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa wenye haki, kisha kutoa hesabu. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe anatakiwa kupeleka mahakamani orodha kamili ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, kisha hesabu kwa Fomu Na. 6. Mjane anaweza kuwa msimamizi mwenyewe. Mahakama inaweza pia kuteua zaidi ya mmoja, kwa hiyo kama ukoo unataka mtu wao, dada yako aombe wawe wawili, yeye na huyo shemeji. Shemeji mwenye nia njema hatakataa. Wapo wengi wenye nia njema, na hao kusubiri wiki mbili hakuwasumbui.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalofichwa. Umesema marehemu ameacha mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, na mama yake yu hai. Baba yake alitangulia. Katika sheria ya Kiislamu yanatangulia mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja. Kinachobaki: mke thumuni, yaani moja ya nane, kwa sababu kuna watoto. Mama sudusi, moja ya sita. Kilichobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja moja. Ndugu wa marehemu hawapati kitu, kwa sababu mtoto wa kiume anawazuia. Huyo shemeji anayetaka kushika hati hana fungu hata moja katika nyumba ile. Anaweza kuwa msimamizi, mrithi si yeye.

Na kilicho cha dada yako si mirathi hata kidogo. Dhahabu zake, mahari yake, cherehani, mtaji wa duka lake, kiwanja chenye jina lake, vyote vibaki nje ya orodha. Mahari ambayo hakulipwa ni deni la marehemu, linalipwa kabla ya kugawa.

Leo usiku afanye hivi. Atoe hati, kadi ya pikipiki, kadi ya benki ya marehemu, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, azipige picha moja moja kwa simu, akutumie wewe. Karatasi zenyewe zibaki kwake ndani, asimpe mtu yeyote. Simu ya marehemu izimwe na laini ihifadhiwe. Namba ya siri asimtajie mtu, na yeye mwenyewe asitoe pesa humo hata kama ni za sukari ya wageni, maana kesho ndiye atakayeulizwa hesabu. Wakimwambia hela za khitma zitoke huko, mchange.

Kesho wakileta karatasi, aseme sentensi moja tu: "Nipeni nakala nikaisomewe, nitajibu." Asibishane. Akilazimika kuandika jina kwenye mahudhurio, aandike yeye mwenyewe pembeni ya sahihi kwamba amehudhuria tu, hajaridhia azimio lolote, na apige picha kurasa zote kabla hazijaondoka. Wakikataa asipige picha, basi asisaini.

Kuhusu eda: ni miezi minne na siku kumi, na kama ana mimba ni mpaka ajifungue. Watamwambia hawezi kutoka kwenda mahakamani. Masheikh wengi wanaruhusu mjane kutoka mchana kwa haja ya lazima na kurudi kulala nyumbani kwake. Muulizeni sheikh wa msikiti wenu, tena wewe ndiye uende. Eda hiyohiyo inamlinda: anatakiwa kuikaa ndani ya nyumba ile, kwa hiyo anayetaka kumhamisha wiki hii anavunja jambo analodai kulisimamia.

Asubuhi ya Jumatatu wewe nenda kwa mtendaji wa mtaa na barua fupi kwamba nyumba iko kwenye mirathi na hakuna aliyeruhusiwa kuiuza, ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kama ina hati iliyosajiliwa, uliza ofisi ya ardhi namna ya kuweka zuio. Kisha ukasajili kifo RITA, usiache siku 30 zipite. Tafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hao hawatozi. Ukoo ukishafungua shauri kimyakimya, pingamizi lipelekwe mahakama hiyohiyo. Hata msimamizi akishateuliwa, mahakama inaweza kumwondoa kwa sababu ya msingi.

Akitishiwa, akisukumwa, akifungiwa mlango, au akianza kuambiwa arithiwe na shemeji kwa nguvu, hapo usiitishe kikao kingine. Mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, siku hiyohiyo.

Ukishaongea naye, rudi uandike hapa hati ina jina la nani, la marehemu peke yake au lao wawili, na kama marehemu alikuwa na mke mwingine au watoto wa nje. Mke mwingine akiwepo, ile thumuni wanagawana, na jina lake lazima liingie kwenye maombi.