Kunguru wamemaliza vifaranga: tukate mwarobaini?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama mfugaji wa kuku wa kienyeji, Mbagala, Dar es Salaam. Wiki iliyopita kuku wangu aliangua vifaranga 11, leo wamebaki wanne. Wengine saba wamebebwa na kunguru mchana kweupe. Mjumbe wetu anataka tuukate mwarobaini mkubwa wanakolala, eti watahama. Ni kweli?

JIBU: Pole sana, mama. Watahama, ndiyo, mpaka kwenye mwembe wa jirani yako. Huyo mwenye shingo ya kijivu ni kunguru wa India, na akikosa mti hujenga hata juu ya nguzo ya umeme. Niliwahi kushusha kiota chake: nusu vijiti, nusu vipande vya waya wa kufungia nondo alivyookota kwenye nyumba inayojengwa. Ndege wa namna hiyo humtishi kwa shoka.

Kinachomweka mtaani kwako ni chakula. Huyu hana pori la kurudi, maisha yake yote hutegemea makazi ya watu. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 makusudi ale taka za mji, yaani tulimwajiri kufagia! Akazaana, akavuka bahari, na leo amejaa miji yote ya pwani. Kunguru wetu wa asili, yule wa kifua cheupe, amemsukuma pembeni, na ndege wadogo kama chozi na mnana anawapora mayai na makinda. Kenya nao wamechoka: mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuwaondoa milioni moja.

Wazee walisema kunguru hafugiki. Huyu tunamfuga. Amka saa kumi na mbili asubuhi utazame viroba vya taka vilivyotolewa nje tangu jioni kusubiri gari: matumbo ya samaki, mifupa, ukoko wa ubwabwa. Gari likifika, viroba vimeshachanwa na kunguru wameshiba. Wakishiba wanataga, na kiota kimoja huwa na mayai matatu hadi matano.

Kwa hiyo mwambieni mjumbe shoka liwekwe. Mwarobaini unawapa kivuli, na udongo ulio chini yake hunywa maji ya mvua ambayo kwenye zege yangetiririka hadi mlangoni. Ukiukata, chozi na shore watakosa pa kujificha, kunguru hatakosa kitu. Nguvu hizo ziende kwenye taka: zitoke asubuhi ya siku ya gari, zikae kwenye pipa lenye mfuniko, na mama lishe na wauza samaki wafukie matumbo badala ya kuyamwaga mtaroni. Mtaa mmoja peke yake hautawamaliza, maana kunguru huruka mbali kutafuta riziki, lakini utawapunguzia sababu ya kulala kwenu.

Mitego ipo: banda la wavu lenye mwanya juu kama ngazi. Kunguru hushuka amekunja mbawa, akitaka kutoka amezikunjua, hapiti. Ndani huwekwa kunguru hai wa kuvutia wenzake, naye lazima apewe maji na chakula kila siku. Ongeeni kwanza na ofisa wa wanyamapori. Sumu msiiguse kabisa. Kuna sumu maalumu ya kunguru, ila hutumiwa na wataalamu kwa kibali. Nimeona watu wakipaka dawa ya kuua wadudu wa mimea kwenye nyama: wakafa paka, mwewe na kuku wao wenyewe, kunguru wakala kona.

Hao wanne wafungie pamoja na mama yao leo hii, ndani ya banda lililofunikwa wavu hadi juu, kwa wiki sita hivi. Kama banda bado, wafunikie tenga, na juu yake weka jiwe zito.