Jibu: Biometar 80 mm kwenye Sony ya fremu kamili

Ndugu, umeuliza kama Biometar yako ya 80 mm, ile ya kamera ya filamu ya Pentacon Six, itageuka kuwa lenzi nyingine ukiifunga kwenye Sony ya fremu kamili. Haigeuki. Urefu wa fokasi wa 80 unabaki 80. Tofauti ni kwamba lenzi hii ilitengenezwa Jena, Ujerumani Mashariki, kufunika filamu ya sentimita 6 kwa 6, na sensa yako ya milimita 24 kwa 36 inachukua kipande cha katikati tu. Kwa hiyo iliyokuwa lenzi ya kawaida kule, huku inakuwa lenzi ya picha za sura, na nzuri sana.

Adapta, kile kiungo cha kufunga lenzi kwenye kamera, isikutishe. Pentacon Six inataka milimita 74.1 kutoka lenzi hadi filamu, Sony 18 tu, hivyo adapta ni bomba tupu la milimita 56 hivi, halina kioo ndani.

Kinachoharibu picha ni mwanga wa ziada. Duara la picha linalotoka kwenye lenzi ni kubwa kuliko sensa, na mwanga unaobaki unagonga kuta za adapta na kurudi, picha inapauka. Nunua kofia ya lenzi iliyo ndefu, ile ya kuzuia mwanga wa pembeni, na ndani ya adapta bandika kitambaa cheusi cha mahameli. Nakusihi usiruke hatua hii!

Fokasi ni kwa mkono. Kuza picha kwenye skrini. Kamera haitaitambua lenzi hii, kwa hiyo kwenye menyu ruhusu ipige bila lenzi, na kwenye kitulizi cha mtikisiko andika 80.