Mgahawa, Genge, Mama Ntilie: Majibu kwa Wasomaji

Kipi sahihi, mgahawa au mkahawa?

Yote mawili. Shina ni kahawa, kutoka Kiarabu *qahwa*. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Fungueni kamusi kabla ya kuniandikia.

Jirani yangu anashikilia kwamba "mama ntilie" ni tusi. Kweli?

Si kweli, na jirani yako amekosea pakubwa. Jina hili limetoka kinywani mwa mteja: "Mama, n'tilie wali. N'tilie na maharage." Kitenzi ni *tia* katika kauli ya kutendea. Mwenye njaa ndiye anayeomba, na anayeombwa anaitwa mama. Tusi liko wapi hapo? "Mama lishe" limetokana na *lisha*, na wanaume nao wakaitwa baba lishe. Ofisini hulipendelea hilo kwa sababu lina harufu ya semina za afya. Mimi nabaki na ntilie, kwani ndani yake namsikia mtu aliyeshika sahani. Kinachomdhalilisha mama huyu ni wateja wanaokula kwa mkopo kisha wakabadilisha njia, na mgambo wanaomwaga masufuria yake. Jina mwacheni nalo.

Kwa nini hoteli ya mtaani kwetu haina hata kitanda kimoja?

Kwa sababu kwetu hoteli ni mahali pa kula, awe mtu analala au halali. India nako ni hivyo hivyo. Neno lilipita Kiingereza na Kifaransa, na mzizi wake ni wa Kilatini, ule ule uliozaa hospitali: kumpokea mgeni. Msiwacheke wenye hoteli za chai na maandazi.

Genge ni la wahuni au la nyanya?

Ni la wafanyakazi kwanza. Kiingereza *gang*, kundi la vibarua; palipopikwa chakula chao napo pakaitwa genge. Dar es Salaam ya leo, genge ni meza ya nyanya, vitunguu na mchicha.

Kioski?

Kiajemi *kushk*, kupitia Kituruki na Kifaransa. Lilikuwa banda la starehe bustanini.

Nimesoma kwamba "bistro", mgahawa mdogo wa Wafaransa, ni neno la Kirusi: askari wa Urusi walioingia Paris mwaka 1814 walidai chakula upesi, "bystro!" Naomba uthibitishe.

Sithibitishi. Paris kuna hata kibao ukutani kinachosimulia hivyo, lakini neno lenyewe halionekani katika maandishi ya Kifaransa hadi miaka ya 1880. Askari waliondoka, neno likakaa kimya miaka sabini? Kila wiki naletewa hadithi tamu za namna hii, na mnazisambaza bila kuuliza nani aliandika neno hilo lini. Hata "kibandaski" ya Nairobi kuna anayetaka kuipeleka Urusi! Ni kibanda, vijana wakakipachika mkia.

Nahamia Tanzania kutoka Kenya. Grosari ni duka la vyakula?

Asili yake ndiyo, lakini Tanzania grosari ni mahali pa bia. Usimtume mtoto huko kununua sukari. Mwambie aende dukani kwa Mangi, ndivyo tunavyomwita mwenye duka la mtaani.