Kijaluba chenye picha ya kasri la Windsor Castle: picha ni ya asili au imebandikwa?

Ndugu, umeuliza kama kijaluba chako cha siki ya manukato (kisanduku kidogo cha madini ya fedha cha kubebea siki ya kunusa), cha Birmingham, Uingereza, ni halisi. Anza na mihuri (alama ndogo zilizogongwa kwenye fedha), picha baadaye. Tumia lenzi ya kukuza mara 10. Tafuta nanga, alama ya Birmingham, simba anayetembea, herufi ya mwaka, kichwa cha mfalme au malkia (alama ya ushuru, 1784 hadi 1890) na herufi za fundi. NM ni Nathaniel Mills, anayesakwa sana. Mihuri ya kifuniko na ya kitako ilingane.

Kisha pulizia kifuniko pumzi ya moto. Ukungu ukionyesha mstari kuzunguka picha, hapo pana lehemu: picha imepachikwa baadaye kwenye kijaluba kitupu ili bei yake ipande. Lehemu ya kijivu kwenye bawaba ni madini ya risasi, nayo hushusha thamani sana.

Ndani, chini ya kichujio chenye matundu, mchovyo wa dhahabu uwepo. Ndio uliokinga fedha isiliwe na siki.

Tafadhali usikisugue! Ncha za minara ya kasri kwenye picha zikishalainika hazirudi. Wala usikifunge kwa mpira, salfa yake huacha mstari mweusi.